Mvua ya Agosti, Dodoma

Kazi yangu ni kuchunguza kwa nini programu za kusimamia miradi ya ujenzi zinanunuliwa kwa fedha nyingi halafu hazitumiki. Na karibu kila meneja hunipa jibu kabla sijafungua begi: "Hawa wa saiti hawajui teknolojia, tuwape mafunzo." Basi mafunzo yanafanyika, soda zinanyweka, na baada ya muda mfupi ripoti za siku haziji, au zinakuja za wiki nzima kwa mkupuo, Ijumaa jioni.

Fomeni huyo "asiyejua teknolojia" anatuma picha za nondo WhatsApp kabla zege halijamwagwa, anaagiza kokoto kwa ujumbe wa sauti na analipa vibarua kwa simu. Jua kwenye kioo, vidole vyenye saruji, mtandao unaokatika: yapo, yanatatulika, tusipotezeane muda.

Kinachonikera ni kisanduku kimoja kwenye fomu ya ripoti ya siku: "Sababu ya kuchelewa". Mvua, vifaa, vibarua, mitambo, michoro, nyingine. Chagua moja.

Sasa kaa na fomeni saa kumi na moja jioni. Slabu haikumwagwa. Mchoro wa nondo uliorekebishwa ulitakiwa jana, umefika leo saa nne. Mafundi nondo walishahamishiwa jengo la pili. Waliporudi, mashine ya zege ikagoma. Saa tisa yakapita manyunyu. Achague nini? Akibonyeza vibarua, kajishtaki mwenyewe. Mitambo, kamchongea jamaa wa karakana anayekula naye mchana. Michoro, kamgusa mhandisi mshauri, na yeye ni nani? Mvua haina mwenyewe, haigombi na mtu. Anabonyeza mvua. Nimeona ripoti za saiti moja ya Dodoma zinazosema mvua ilizuia kazi mwezi wa Agosti. Agosti, Dodoma, katikati ya kiangazi!

Wahusika wakicheka, huwa nawaomba wafungue mkataba. Kwa kitabu chekundu cha FIDIC, yaani mkataba wa mfano wa kimataifa wa ujenzi, toleo la 1999, hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida humpa mkandarasi nyongeza ya muda tu, hela hapati, na manyunyu hata hayafiki huko. Michoro ikicheleweshwa na mhandisi, na mkandarasi alikwisha kutoa notisi ya kuihitaji, anaweza kudai muda, gharama na faida ya kiasi. Notisi ya dai lenyewe itoke ndani ya siku 28 tangu ajue, au alipopaswa kujua. Wakili wa mwajiri, yaani mwenye mradi, akikutana na "mvua" kwenye ripoti ya siku hiyo, atakunywa chai kwa raha. Na mafunzo hapo yatafanya nini? Yatamfundisha fomeni kubonyeza mvua haraka zaidi.

Kwa hiyo siulizi kama programu inapendwa. Ule utafiti wa maswali 10 wa John Brooke, SUS, wa kupima kama programu ni rahisi kutumia, ninao na naujazisha, lakini watu wetu ni waungwana: wanakupa alama nzuri kisha wanarudi kwenye daftari. Hata ile kanuni ya Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, kwamba kujaribu na watumiaji watano kunatosha kuona kasoro nyingi, nauliza watano gani? Fomeni, mtunza stoo na mkadiriaji majenzi hawaangalii programu moja kwa jicho moja. Mimi namwomba mtu afungue ripoti ya mwisho anisimulie siku ile tangu asubuhi, huku tukilinganisha na kundi la WhatsApp na kitabu cha stoo. Halafu: nani anaisoma hii? Aliyewahi kuandika ukweli alifanywaje? Hapo ndipo watu hutazamana.

Pendekezo langu huwa sababu kadhaa kwa mpangilio wa saa, na ujumbe wa sauti kabla ya fomu. Je, inafanya kazi? Pale bosi anapotumia ripoti kukata mishahara, hapana, hata uichore vipi. Kwingine naona nafuu, ila sina uhakika ni kiasi gani kinatokana na mimi kusimama pale, maana mgeni akiwepo kila mtu anajaza vizuri. Na sauti lazima mtu azisikilize, aziandike. Kwenye mradi mmoja kazi hiyo ilimwangukia karani wa saiti, juu ya kazi zake zote, bila nyongeza ya shilingi, na hilo sijalipatia dawa.