Je, wajua kwa nini muvi ya kihistoria iliyobeba matuzo kibao inaweza kukuacha vuguvugu tu?

Imeshakukuta hii? Muvi kila mtu anaisifia, tuzo imezoa mpaka basi, we unakaa masaa matatu mazima unaangalia, inaisha unabaki "ndo hii?" Sio kwamba mbaya, ila si moto si baridi. Mi ilinikuta kwa Oppenheimer, ile ya mwanasayansi wa Marekani aliyeongoza kutengeneza bomu la kwanza la nyuklia, iliyotoka Julai 2023 na kuchukua Oscar 7 Machi 2024 kati ya vipengele 13 ilivyoteuliwa. Kuiheshimu niliiheshimu sana, kuipenda ndo ikagoma.

Sasa kumbe tuzo inapima kitu kingine kabisa. Katika zile 7, tatu ni za upigaji picha, uhariri na muziki, na wapiga kura wa Oscar ambao wako kama 10,000 hivi ni watu wa kazi hiyohiyo, waigizaji, wahariri, mafundi wa sauti. Fundi akiangalia kazi ya fundi mwenzie anaona mshono, we ulikuwa unasubiri mapigo ya moyo yabadilike.

Afu kuna hesabu ya kura, hapa ndo patamu. Vipengele vingine mwenye kura nyingi kachukua, lakini filamu bora tangu 2010 mpiga kura anazipanga, hii ya kwanza kwangu, hii ya pili, mpaka ya 10. Isipopatikana iliyovuka nusu, ya mkiani inatolewa na kura zake zinahamia kwa muvi inayofuata kwenye orodha ya kila aliyeipigia, wanarudia hivohivo mpaka moja ivuke. Kwa hiyo muvi ambayo nusu ya watu wanaifia na nusu hawataki hata kuisikia inapata taabu, ile ambayo wengi wameiweka ya pili au ya tatu inapenya kimyakimya. Yaani mshindi anaweza kuwa ndo aliyekera watu wachache! Sisemi Oppenheimer ilipita hivo, hesabu zenyewe huwa hawazitoi. (Na ni 2025 tu ndo walitangaza kwamba lazima uwe umeziangalia zote za kipengele ndo upige kura ya mwisho. Kabla ya hapo je? Haya.)

Upande wa historia nao una shida yake, mwisho unaujua. Hakuna anayekaa kujiuliza bomu litalipuka au la, lililipuka alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945 jangwani New Mexico, kwa hiyo muvi inabidi ikushike kwa namna linavyolipuka, na pale kusema kweli walipatia. Mwanga unajaa skrini, sauti hakuna, unasikia pumzi za watu tu, kimyaaa, afu baadaye sana ndo kishindo kinafika maana mwanga unakimbia kuliko sauti. Ila baada ya hapo kuna kama saa nzima imebaki, na mzigo wake mkubwa ni vikao, kile cha 1954 Oppenheimer alichonyang'anywa kibali cha kuona siri za serikali, na kile cha 1959 cha hasimu wake wa serikalini, Lewis Strauss, kukataliwa uwaziri na Seneti, kile cha picha nyeusi na nyeupe. Historia ndo ilikwenda hivo, mtunzi hawezi kuihamishia bomu mwishoni, lakini moyo wa mtazamaji umeshafika kileleni halafu unaambiwa sasa tusome mafaili. Majina nayo yanaingia na kutoka, mwanasayansi huyu, seneta yule, ukipiga chafya umepotea.

Zile sifa za kabla nazo zinaumiza, ukiambiwa itakubadilisha maisha, ikiwa nzuri tu unaona umeibiwa.

Na niseme ukweli, ile kitu imepigwa kwa kamera za IMAX, ilitengenezewa skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa, mi nimeiangalia kwenye laptop na hedifoni iliyokufa upande mmoja. Kile kishindo nimekisikia kwa sikio la kushoto tu.