Je, penye jiwe jeupe lazima pana dhahabu?

Wachimbaji wadogo wengi wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, huamini kuwa mshipa wa kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, ni dalili ya dhahabu. Msingi upo: Geita na Mara ipo dhahabu kwenye mishipa ya namna hiyo. Ila uhusiano huo hausomeki kinyumenyume. Kwatzi ni takriban asilimia 12 ya ganda la mabara, na mishipa mingi ni mitupu. Tena mashimo matupu hayasimuliwi.

Kujua hali ya eneo lako, orodhesha kila mshipa uliopimwa, kisha gawanya idadi ya yenye dhahabu kwa idadi ya yote. Chukua kilo 2 kwa kila mshipa, pembeni na katikati, si vipande vinavyong'aa tu. Lowesha kabla ya kuponda. Vumbi lake huharibu mapafu. Osha kwenye karai. Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani utakupa miligramu 10 tu katika kilo hizo 2, kwa hiyo tazama kwa makini. Punje ikigongwa ikabonyea, ni dhahabu. Ikisagika unga mweusi, ni pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Karai likitoka tupu, bado si uthibitisho kuwa hakuna dhahabu: dhahabu iliyofungwa ndani ya salfaidi (madini yenye salfa, kama pairaiti) huonekana kwa kipimo cha maabara tu.