Spana ya Toki Ikilia, Hedi Bado Haijafungwa

Injini ya boti inarudishwa karakana muda mfupi baada ya kuundwa upya, oili imeshaingia maji, na neno la kwanza la mwenyewe ni lilelile: "Lakini tulikaza kwa spana ya toki, namba ya kitabu, mpaka ikalia." Nimelisikia mno. Wanaolisema si wavivu; wamenunua spana nzuri na kitabu cha mtengenezaji wa injini wamekisoma. Wamedanganywa tu kuhusu kile ambacho spana hiyo inapima.

Spana ya toki, ile inayolia ukifikisha nguvu ya kuzungusha uliyoipanga, haipimi hedi (kifuniko cha juu ya silinda za injini) imebanwa kiasi gani. Inapima ugumu wa kuzungusha bolti, basi. Kinachobana hedi ni bolti yenyewe kuvutika: ukiikaza inarefuka kidogo sana, na kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inaishindilia hedi juu ya gasketi, kizibo chembamba kati yake na bloki (mwili wa injini), kama springi. Katika nguvu unayoweka kwenye mpini, takriban nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na karibu asilimia 40 inaliwa kwenye hesi, ile mistari ya skrubu. Inayobaki kuivuta bolti ni kama asilimia 10. Msuguano ukipanda kidogo tu, fungu hilo dogo ndilo linalopunjwa. Spana italia palepale kitabu kiliposema, na hedi haijabanwa.

Sasa itazame bolti iliyotoka kwenye injini inayopozwa kwa maji ya bahari. Hesi za chini zimeshikwa na kutu ngumu, na shingoni kuna vishimo vilivyoliwa na chumvi. Mwenye haraka anaipitishia brashi ya waya, anairudisha, anavuta spana. Tundu la kwenye bloki hakulichungulia kabisa! Mimi kipimo changu ni vidole viwili. Kabla hedi haijapanda, bolti safi iingie kwa vidole mpaka kina itakachofika ikishafungwa. Ikigoma njiani, usitafute spana; tafuta kilichoizuia. Hesi za tundu zisafishwe kwa tepu (kifaa chenye hesi kinachozungushwa tunduni) ya kusafishia, si ya kukatia, maana hiyo inakula chuma cha bloki. Halafu puliza kwa upepo wa kompresa, macho yakiwa na miwani. Bolti yenye vishimo shingoni itupe, hata kama inang'aa kwingine kote.

Na namba ya kitabu imeandikwa kwa hali maalumu ya hesi: mara nyingi zimepakwa oili ya injini, pengine ni kavu, pengine zina mafuta waliyoyataja wenyewe. Soma sentensi hiyo kabla ya kusoma namba. Ukipaka grisi ya kuzuia kugandana pale kitabu kilipotaka oili, msuguano unashuka na bolti inavutwa kupita kiasi kwa namba ileile. Oili ikitakiwa, paka hesi na pia chini ya kichwa, mahali ambapo wengi hupasahau na ndipo nusu ya nguvu inapopotelea. Ila usiimimine tunduni. Tundu lisilotokea upande wa pili likiwa na oili au maji, bolti inayoshuka inageuka pistoni, na kwa kuwa kimiminika hakishindiliki, bloki ndiyo inayopasuka. Bolti zinazotokeza kwenye njia ya maji zinahitaji dawa ya kuzibia hesi ambayo kitabu kimeitaja.

"Ongeza kidogo, isije ikavuja." Hapana. Bolti ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena, na kwenye bloki ya aluminiamu hesi hung'oka hata kabla ya hapo.

"Weka za stenlesi, hazishiki kutu." Hili linanikera karibu sawa na la kwanza. Bolti ya stenlesi ya A4-70 ina nguvu ya MPa 700, yaani mvuto inaoweza kuhimili kabla ya kukatika. Bolti za hedi kwa kawaida ni za daraja la 10.9, yaani takriban MPa 1,000, au 12.9, yaani takriban 1,200. Tena stenlesi hung'ang'ania hesi wakati wa kukazwa, na ikikutana na aluminiamu kwenye maji ya chumvi, inayoliwa ni aluminiamu.

"Bolti za zamani bado nzima." Kitabu kikitaka toki kwanza kisha uzungushe kwa nyuzi 90, mara nyingi hizo ni bolti za kutumika mara moja. Nunua mpya. Na pembe usiikadirie kwa jicho. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa.

Mpangilio wa kukaza huanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kama kitabu kilivyochora. Kufungua ni kinyume chake, injini ikiwa baridi kabisa, la sivyo hedi inapinda.

Kurudia kukaza baada ya injini kufanya kazi si lazima kwa kila gasketi. Zile za chuma za tabaka nyingi kwa kawaida hazihitaji. Kitabu kikilitaka, usiweke spana juu ya bolti iliyokwisha kutulia na kungoja ilie, kwa sababu italia bila bolti kusogea hata chembe. Mpaka kitabu kieleze vingine, legeza bolti moja kwa robo mzunguko, ikaze upya kwa namba yake, ndipo uende kwa inayofuata.