Kurubuniwa Mtandaoni: Maana Yake na Jinsi Kijana Anavyonaswa

Kumrubuni mtoto mtandaoni ni kujenga naye urafiki na kuaminiana kwa makusudi, kupitia simu au kompyuta, ili baadaye atumiwe kingono, ama kwa kutuma picha na video za mwili wake, ama kwa kushawishiwa kufanya vitendo mbele ya kamera, ama kwa kukutana na mhalifu ana kwa ana. Katika maana hiyo kuna mambo mawili ambayo watu wazima huyasahau. La kwanza ni kwamba uovu huanza mapema, kabla hata ya neno moja la aibu kutamkwa, kwa kuwa urafiki wenyewe ndio nyenzo ya uhalifu. La pili ni kwamba mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18, kama zinavyosema Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kijana wa kidato cha tatu ambaye kimo chake kimeshampita mama yake bado ni mtoto mbele ya sheria, na hakuna «kukubali» kwake kunakomwondolea hatia mtu mzima aliyemshawishi.

Mazungumzo kwa kawaida huanza mahali pa wazi: maoni chini ya video ya TikTok, ombi la urafiki kwenye Facebook au Instagram, au gumzo ndani ya mchezo kama Free Fire, ambako wachezaji wasiojuana huongea kwa sauti saa nzima. Baada ya siku chache mgeni huyo hupendekeza wahamie WhatsApp au Telegram, na sababu anayoitoa huwa nyepesi, kwamba huku bando linaisha haraka au kule ujumbe unachelewa. Sababu ya kweli ni kwamba kule hakuna mtu mwingine anayeona.

Hapo ndipo meseji za kila siku zinapoanza. «Umeamkaje?» «Umekula?» «Mbona leo kimya?» Kijana ambaye nyumbani huulizwa tu kama ameosha vyombo au amepata maksi ngapi anampata mtu anayekumbuka kwamba jana alikuwa na mtihani wa hesabu na kwamba rafiki yake wa karibu amemnunia. Katikati ya wema huo hupenyezwa maswali ya aina nyingine: «Hiyo simu ni yako peke yako?» «Mama huwa anaishika?» «Unalala chumba kimoja na nani?» Kijana huyasoma kama udadisi wa rafiki, lakini mwulizaji anapima jinsi ulinzi ulivyo nyumbani na kama kazi yake itaonekana. Naomba wazazi na walimu wayashike maswali haya kuliko wanavyoshika orodha ya programu hatari, kwa sababu programu hubadilika kila mwaka ilhali maswali haya hayabadiliki.

Zawadi nazo hufuata, na huwa ndogo: vocha, bando la wiki, sarafu za kununulia vifaa vya mchezo, au elfu tano kwa njia ya simu. Udogo wake ndio unaozifanya zipokelewe bila wasiwasi, kisha baadaye zigeuke deni ambalo kijana hakujua kwamba analikopa. Sambamba na zawadi hujengwa siri. Mhalifu humwambia kijana kwamba wazazi wake hawamwelewi, kwamba amekua, kwamba watu wangeujua urafiki huu wangeuharibu, na kwamba ni vyema afute meseji kila anapomaliza kusoma. Maongezi ya mapenzi huingizwa taratibu, kwanza kama utani, kisha kama swali, kisha kama ombi la picha ya kawaida, na kila hatua huwa ndogo kiasi kwamba aliyekubali ya jana huona haya kukataa ya leo. Si kila mhalifu ana subira hiyo. Wapo wanaomaliza mzunguko wote huu kwa usiku mmoja.

Picha ya faragha ikishatumwa, sura ya urafiki huondoka na vitisho huanza: tuma nyingine, la sivyo hii itafika kwa baba yako, kwa mwalimu wako, kwenye kikundi cha darasa. Kisa kinachojulikana sana duniani ni cha Amanda Todd, msichana wa Port Coquitlam nchini Kanada. Akiwa darasa la saba alishawishiwa, katika gumzo la video, ajionyeshe mbele ya kamera kwa muda mfupi. Mtu asiyemjua alihifadhi picha hiyo, akamtaka amfanyie mengi zaidi, na alipokataa akaisambaza kwa watu waliomfahamu. Amanda alihama shule, picha ikamfuata. Mwezi Septemba 2012 aliweka kwenye YouTube video ambamo, bila kusema neno, alisimulia yaliyompata kwa kuonyesha karatasi moja baada ya nyingine, na tarehe 10 Oktoba mwaka huo huo akajitoa uhai akiwa na miaka 15. Miaka 10 baadaye, mwezi Agosti 2022, mahakama ya New Westminster, huko huko Kanada, ilimtia hatiani Aydin Coban, raia wa Uholanzi, na Oktoba akahukumiwa kifungo cha miaka 13. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba alitumia akaunti 22 tofauti kumwandama msichana huyo. Yeye alikuwa Ulaya, msichana alikuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Anayedhani kwamba hatari inaanza siku kijana anapopanda daladala kwenda kumwona mgeni, aifikirie kesi hii.

Wavulana nao hawako salama, na kwao tumekuwa wazembe zaidi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, limekuwa likionya kuhusu wahalifu wanaojifanya wasichana, wakaomba picha za utupu kwa wavulana, hasa wa miaka 14 hadi 17, kisha wakadai pesa papo hapo. Mwezi Septemba 2024 ndugu wawili kutoka Lagos, Samuel na Samson Ogoshi, walihukumiwa huko Michigan, Marekani, kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja, baada ya kijana wa miaka 17 waliyemtishia kwa njia hiyo kujiua. Mvulana aliyelelewa kuamini kwamba mwanaume halii na hasemi matatizo yake ni windo rahisi kwa watu kama hawa.

Kisa cha Kanada na cha Marekani vinaweza kutufanya tumtafute adui mbali. Katika utafiti wa pamoja wa ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF, ambao ripoti yake ya Kenya ilitoka 2021 na ya Tanzania 2022, ilionekana kwamba aliyemtendea mtoto ukatili wa kingono kwa kutumia mtandao mara nyingi ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu. Anaweza kuwa mpenzi wa zamani, jirani, ndugu wa ukoo, hata mtu mwenye heshima mtaani. Kwa hiyo lile onyo la «usiongee na usiowajua» ni jema lakini halitoshi hata kidogo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba watoto wengi hawafikishi mambo haya polisi wala kwa huduma za msaada, na baadhi hawamwambii mtu yeyote. Na hapa ndipo naliona shina la tatizo lote: nguvu ya mhalifu ni siri, na siri hiyo hulindwa na hofu ya mtoto kwamba akisema atapigwa, atanyang'anywa simu, ataitwa malaya. Mhalifu hutegemea hasira ya mzazi kama sehemu ya mpango wake, na mara nyingi huitaja waziwazi katika vitisho vyake. Mzazi ambaye mtoto wake anajua, kabla ya jambo lolote kutokea, kwamba atasikilizwa kwanza, amempokonya mhalifu kitisho chake kikubwa.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza picha na video za ngono zinazohusu watoto, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inafanya kuwa kosa kumshawishi mtoto kwa njia ya mtandao mkutane kwa nia ya ngono, au kumtumia maudhui machafu. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure Tanzania na Kenya. Tanzania kuna Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Kenya Idara ya Upelelezi wa Jinai ina kitengo cha kulinda watoto.

Tatizo likishatokea, meseji zisifutwe hata kama zinatia kichefuchefu. Hifadhini jina la akaunti, namba ya simu, tarehe na maneno ya vitisho, kisha mzuieni mtu huyo. Pesa isilipwe, kwa maana anayelipa mara moja huombwa tena, mara nyingi ndani ya saa chache. Na picha yenyewe ya mtoto isirushwe kwa yeyote, wala kwenye kikundi cha familia kwa kuomba ushauri, wala kwa mwalimu kama ushahidi, kwa sababu kila anayeisambaza anarudia kosa lile lile na kumuumiza mtoto upya; simu ipelekwe yenyewe polisi.

Kuna pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyozinduliwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC, na inatumika hata nje ya Marekani. Kijana huichagua picha ndani ya simu yake mwenyewe, na huduma hutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo bila picha kutoka kwenye simu wala kuonwa na mtu. Majukwaa yaliyojiunga, yakiwemo Facebook, Instagram na TikTok, hupokea alama hiyo na kuitumia kuitafuta na kuiondoa nakala inayofanana. Jina halitakiwi. Anaweza kuitumia hata mtu mzima, ilimradi picha ilipigwa kabla hajatimiza miaka 18, kwa hiyo mlango huo uko wazi pia kwa yule aliyenyamaza tangu sekondari na hajawahi kumwambia mtu.