Umri wa kanisa kwa mtindo wa ujenzi: mtindo hautaji mwaka

Kukadiria umri wa kanisa kwa mtindo ni kulilinganisha umbo lake (ramani ya kuta, matao, kuba, paa, mpangilio wa mawe) na majengo mengine ambayo mwaka wake umethibitishwa kwa maandishi. Jibu linalopatikana ni kipindi, mara nyingi nusu karne au zaidi. Mwaka kamili hautoki kwenye mtindo.

Kosa linaloenea ni kuuchukua mwaka wa picha za ukutani na kulivisha jengo zima. Asinou, kanisa dogo la mlima Troodos huko Kipro, huandikwa "lilijengwa mwaka 1106". Maandishi yaliyo juu ya mlango wa kusini hayasemi hivyo. Yanasema kanisa lilichorwa picha kwa gharama ya Nikephoros Magistros, mwaka 6614 wa kalenda ya Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki), iliyohesabu miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, wakati wa mfalme Alexios Komnenos. Mwaka ule ulianza tarehe 1 Septemba, kwa hiyo 6614 ni kuanzia Septemba 1105 hadi Agosti 1106. Hapa wengi huteleza, kwa sababu, ili kupata mwaka wa kalenda yetu, hutoa 5508 tu bila kuangalia mwezi. Kwa miezi ya Septemba hadi Desemba hutolewa 5509. Maandishi ya kanisa la Lagoudera, nalo la Troodos, yanataja Desemba 6701, nayo ni Desemba 1192. Anayesema 1193 amekosea hesabu.

Kwa nini basi picha haitoi mwaka wa jengo? Fresko huchorwa kwenye lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, na chokaa inapokauka na kuwa ngumu hushika rangi. Picha na lipu yake ni za wakati mmoja, lakini ukuta ulio nyuma unaweza kuwa umesimama tangu mwaka uliotangulia au tangu miaka mia iliyopita. Picha huweka mpaka wa upande mmoja tu: ukuta hauwezi kuwa mpya kuliko picha iliyo juu yake. Na mpaka huo ni wa ukuta ule ule. Pale Asinou, ukumbi wa mbele uliongezwa baadaye katika karne ya 12, na picha zake nyingi ni za 1332/33. Hata sehemu ya altare imegawanyika: chini, Mitume wakipokea ushirika, ni kazi ya 1105/06, ilhali nusu-kuba ya juu iliwahi kuanguka, na Bikira anayeonekana pale leo ni wa karne ya 14.

Ukifika mahali kama hapo, anzia kwenye kona ambapo kuta mbili zinakutana. Mawe yakipishana na kuingiliana, kuta zilijengwa pamoja. Kukiwa na ufa mnyoofu kutoka juu hadi chini, ukuta mmoja umeegemezwa kwa mwingine, na ulioegemea ndio wa baadaye. Kisha tazama kingo za lipu: iliyopanda juu ya nyingine ndiyo mpya. Picha ya zamani yenye vishimo vingi vya nyundo ilidonolewa na fundi ili lipu ya pili ishike.

Paa ndilo linalodanganya zaidi. Makanisa ya Troodos yana paa la mbao lenye mwinuko mkali na vigae bapa, kinga ya theluji na mvua. Kule Kakopetria, kanisa la Mtakatifu Nikolao wa Paa lina kuba la karne ya 11, na paa la mbao liliwekwa juu yake baadaye. Paa la namna hiyo hiyo limefunika kanisa la Malaika Mkuu kule Pedoulas, lililochorwa mwaka 1474. Anayekadiria kwa paa atayaweka makanisa haya mawili katika karne moja, na huko ni kukosea kwa zaidi ya miaka 300.

Kwa hiyo, ukiandika kuhusu Asinou, inatosha kusema "kanisa lenye picha za mwaka 1105/06, lililojengwa kabla ya hapo au karibu na hapo". Ni maneno machache tu zaidi, na kila sehemu inabaki na tarehe yake.