Mikoba 43 mpaka 8: kwanini nimeacha kuficha mikoba kabatini

Wiki iliyopita mama mmoja kaniletea mkoba mweusi ukiwa ndani ya boksi lake, hata yale makaratasi ya kujazia bado yamo, akaniambia fundi huu niliununua 2019 nikauweka kwa ajili ya sendofu ya binti yangu, sasa shughuli ni mwezi ujao, hebu uangalie kuna vitu vyeusi vinatoka. Nikaushika mpini tu, vidole vyote vikawa vyeusi. Ile ngozi ya juu inabanduka kama ganda la kitunguu, chini kumebaki kitambaa cheupe. Hajaubeba hata siku moja. Alinunua 120,000, na mimi sikuwa na la kumfanyia, maana ukipaka rangi juu ya kitu kinachobanduka inabanduka nayo.

Nashona na kutengeneza mikoba Kariakoo, mwaka wa 11 sasa, na hii ya mkoba kufa bila kubebwa naipata kila mwezi. Wateja wengi wanadhani wamepigwa na muuzaji. Mara nyingi sio hivyo, ni kwamba hakuna aliyewaambia kile kitu kimetengenezwa na nini.

Mikoba mingi tunayonunua siku hizi sio ngozi, ni PU, yani poliyurethani. Chukulia kitambaa, kimepakwa plastiki laini juu, halafu ikachapwa vile vimistari na vitundu vya ngozi ili ifanane. Ikiwa mpya inapendeza kweli kweli na mimi siidharau. Ila adui yake ni unyevu wa hewani. Ule unyevu unaingia kwenye plastiki na kuikata kidogo kidogo kwa ndani, kitaalamu wanaita hidrolisisi, na joto linaongeza kasi, na Dar tunavyo vyote viwili. Kwa hiyo umri wa mkoba wa PU unahesabika toka siku umetoka kiwandani, sio siku umeanza kuubeba, na ukiufunga kwenye mfuko wa nailoni ndo unaumaliza kabisa maana unyevu unakosa pa kutokea. Ile tabia yetu ya kusema huu nautunza kwa ajili ya shughuli, kwa mkoba wa PU haina maana yoyote. Ubebe.

Ngozi ya mnyama ni habari nyingine, hiyo ukiihudumia inadumu miaka na miaka. Huku kwetu shida yake ni kuvu, hasa kipindi cha masika unafungua kabati unakuta madoa ya kijivu na harufu. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chovya kitambaa ukamue sana, futa, anika kivulini penye upepo, usiweke juani itakakamaa. Ndani jaza khanga kuukuu, sio gazeti, wino wa gazeti unahamia kwenye bitana. Uweke kwenye foronya upumue.

Utajuaje ipi ni ipi? Fungua mfuko wa ndani, tafuta sehemu ambayo fundi hakuikunja ukingo, au angalia mkanda pale ulipotobolewa tundu la bakoli, kile chuma cha kufungia mkanda. Ukiona nyuzi nyuzi zimeshikana kama nyama iliyochanwa, hiyo ni ngozi. Ukiona kitambaa na juu yake tabaka jembamba kama rangi, ni PU. Muuzaji anaweza kusema anachotaka lakini ule ukingo haudanganyi.

Sasa nije kwangu. Mwaka juzi nahama nyumba, nikatoa mikoba yote nikaipanga kitandani ikajaa mpaka ikashuka sakafuni, kuhesabu nakuta 43. Nikachukua daftari, kila mkoba nikauandikia bei niliyonunua na mara ngapi nimeubeba. Nilikaa na lile daftari mpaka usiku. Kuna klachi, kile kimkoba kidogo cha kushika mkononi, ya bluu ya 85,000 niliibeba mara 2, yani kila nilipotoka nayo ni kama nimelipa 42,500. Halafu kuna begi la turubai la mtumba nililochukua Karume kwa 12,000, naenda nalo kazini siku sita kwa wiki, kwa mwaka ni kama siku 312, gawanya inakuja shilingi 38 kwa siku, na bado lipo. Jumla ya yote ikafika 1,870,000, na wakati huo huo kodi ya fremu nilikuwa nadaiwa miezi miwili. Iliniuma sana.

Nikatafuta zimeingiaje. Mikoba 19 kati ya 43 ilinunuliwa kwa ajili ya sare, kicheni pati ya fulani rangi ya zumaridi, sendofu ya fulani rangi ya maziwa, kila sare na mkoba wake na kiatu chake, ikipita inaingia kabatini maana sare ijayo ni rangi nyingine. Hapa nasema wazi kwa dada zangu, mchango tunatoa, kitambaa tunanunua, mshono tunalipa, mkoba wa kufanana na kitambaa hakuna aliyetulazimisha. Klachi moja ya dhahabu inaingia na sare yoyote ile.

Kupunguza nilianza na PU ambayo bado nzima, 16, kwa sababu kila mwezi ikikaa inashuka thamani. Niliiweka WhatsApp na picha za kweli, mpaka kwenye kona zilizochubuka, ikaisha ndani ya wiki tano nikapata 410,000. Usitegemee kurudisha ulichonunulia, ukipata theluthi uza. 9 ilikuwa imeshaanza kubanduka, hiyo usimpe mtu, ni kumpelekea takataka zako, nikavua bakoli, pete, minyororo na vichwa vya zipu nikaweka kwenye kopo la spea. 10 nikawagawia mdogo wangu na mabinti zake, wenyewe wakachagua. Zikabaki nane, nne za ngozi, turubai mbili, ile klachi ya dhahabu, na kikapu cha ukili cha sokoni.

Na kabla hujatupa mkoba kwa sababu zipu imegoma, angalia kwanza. Zipu ikifunga halafu ikaachia nyuma, meno mengi yanakuwa mazima, kilichopanuka ni kile kichwa kinachotembea. Kirudishe mpaka mwanzo, kibane na koleo taratibu pande zote mbili, kushoto kidogo kulia kidogo, jaribu. Ukibana sana kinapasuka, hapo njoo kwa fundi akubadilishie kichwa, kwangu ni 3,000. Nimeona watu wananunua mkoba wa 60,000 kwa tatizo la 3,000.

Ya kununua nilibadilisha hivi. Nikitamani mkoba, ile hela naitumbukiza kwenye kibubu cha mbao siku hiyo hiyo, halafu nasubiri siku 30, zikipita na bado nautaka nakivunja. Toka nianze nimevunja kwa ajili ya mkoba mara 1 tu, mara ya pili nilivunja nikamalizia deni la fremu. Na kukopa kwenye simu ili ununue mkoba, naomba usifanye, makato yanakimbia kuliko ule mkoba unavyochakaa.

Yule mama wa boksi nilimuuliza kama nyumbani kuna mkoba wowote wa zamani, akasema upo wa marehemu mama yake, umejaa kuvu, alitaka kuutupa. Kauleta juzi. Ngozi tupu ya kahawia, mshono wa mkono, imekatika bitana na mpini mmoja tu. Tumekubaliana 25,000. Nimeshaufuta na siki mara mbili na umekauka, bitana mpya nimeweka ya rangi ya maziwa kama sare yao, kesho namalizia mpini.