Kukiri Kosa Mahakamani Marekani: Tahadhari kwa Wasio Raia

Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyekuwa ameishi nchini humo kihalali kwa zaidi ya miaka 40, na aliyewahi kulitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Padilla alikamatwa Kentucky akisafirisha bangi. Kabla hajakiri kosa, wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi kuhusu mambo ya uhamiaji kwa kuwa alikwisha kukaa nchini muda mrefu. Ushauri huo ulikuwa potofu kabisa, kwani kosa alilolikiri lilikuwa miongoni mwa yale ambayo kufukuzwa nchini hufuata karibu bila mjadala. Mahakama ikaamua kwamba haki ya kuwa na wakili, inayotokana na Marekebisho ya Sita ya Katiba, inamtaka wakili wa utetezi amweleze mteja asiye raia athari za uhamiaji kabla hajakiri.

Wengi wamesikia habari za uamuzi huo, lakini si wengi wanaojua mipaka yake. Pale sheria inapoeleza bayana kwamba kosa fulani humfukuzisha mtu, wakili ni lazima aseme hivyo. Pale isipoeleza bayana, inatosha aseme kwamba huenda kukawa na madhara. Ndiyo maana mteja anayeambiwa tu kwamba "huenda" hana budi kuuliza zaidi, na ikibidi aombe kesi iahirishwe ili wakili wa uhamiaji aisome hati ya mashtaka. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilisema kwamba uamuzi wa Padilla hauwasaidii wale ambao hukumu zao zilikwisha kuwa za mwisho kabla yake. Tena mahakama ya uhamiaji si mahakama ya jinai, kwa hiyo serikali haimpi mtu wakili huko, hata kama ana watoto na kadi ya ukaaji wa kudumu.

Ukali wa mambo haya unatokana zaidi na sheria ya uhamiaji iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 30 Septemba 1996. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilikuwa limeunda kundi la makosa mazito yanayomnyima asiye raia takriban kila njia ya kujitetea asifukuzwe, na wakati huo kundi hilo lilihusu mauaji na biashara haramu ya dawa za kulevya na silaha. Sheria ya 1996 ililipanua mno. Wizi au shambulio la kutumia nguvu, ambalo awali lilihesabiwa humo iwapo adhabu ilifika miaka mitano, sasa linahesabiwa adhabu ikifika mwaka mmoja. Kinachotazamwa ni adhabu iliyotamkwa na hakimu, hata kama utekelezaji wake umesitishwa wote. Mtu anaweza kuhukumiwa mwaka mmoja kwa wizi, adhabu ikasitishwa, akarudi nyumbani jioni ileile bila kulala gerezani hata usiku mmoja, na bado akawa ameingia kwenye kundi la makosa mazito. Mwenzake aliyetenda kosa hilohilo na kupewa siku 364 yuko nje ya kundi hilo. Si ajabu basi kwamba majimbo ya Washington mwaka 2011, California mwaka 2015 na New York mwaka 2019 yaliteremsha adhabu ya juu ya makosa madogo hadi siku 364. Siku moja hiyo ina uzito kuliko hotuba nyingi za utetezi.

Lipo jambo jingine linalowaponza watu wetu. Katika mahakama nyingi za majimbo, mshtakiwa wa mara ya kwanza hukiri kosa, huhudhuria mafunzo au kufanya kazi za kijamii, kisha kesi hufutwa. Mbele ya sheria ya jimbo amesafishika. Mbele ya sheria ya uhamiaji, akishakiri na akawekewa adhabu au sharti lolote linalobana uhuru wake, ametiwa hatiani, na kufutwa kwa kesi baadaye kwa kawaida hakubadilishi kitu. Mkalimani aliye kwenye simu hutafsiri maneno ya hakimu. Hana kazi ya kueleza tofauti hii, na kuitikia "ndiyo" huchukua sekunde moja.

Bangi nayo inahitaji uangalifu wa pekee, maana majimbo mengi yameihalalisha ilhali sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Mwaka 2013 ilibidi Mahakama ya Juu iingilie kati kumwokoa Adrian Moncrieffe, Mjamaika aliyekutwa Georgia na gramu 1.3 tu, ambaye serikali ilimhesabu kuwa mtenda kosa zito.

Kwa walioingia bila kibali hali imekuwa ngumu zaidi tangu tarehe 29 Januari 2025, ilipotiwa saini Sheria ya Laken Riley. Kukamatwa tu kwa tuhuma ya wizi, hata wa dukani, kunatosha kumfanya mtu azuiliwe bila dhamana wakati kesi yake ya uhamiaji ikiendelea.

Mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu naye asijione salama anapopanga safari. Aliyetiwa hatiani mara moja kwa kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe hafukuzwi kwa kosa hilo akiwa ndani ya nchi. Akitoka kwenda kuzika Nairobi au Bukavu, anaporudi anaweza kuhesabiwa kama mgeni anayeomba kuingia upya, na kosa lilelile likawa sababu ya kuzuiwa uwanja wa ndege, ingawa sheria inamruhusu kuomba msamaha maalumu. Mwenye hukumu ya namna yoyote achukue nakala rasmi ya jalada lake kwa karani wa mahakama na kumpelekea wakili wa uhamiaji kabla ya kulipia tiketi.